Tulidhani Mzee Ametununia, Kumbe Kasahau Pasiwedi ya Wi-Fi

Wadau, hii stori nimekaa nayo zaidi ya mwezi najiuliza niiandike au niiache. Mzee mwenyewe hasomi blogu, na hata akisoma sijataja jina la mtu, kwa hiyo acha niitoe tu.

Kwetu tumezaliwa watatu. Kaka mkubwa yuko Mwanza na biashara zake. Dada yuko Hamburg, Ujerumani, kaolewa huko na ana binti wa miaka sita. Mimi kitinda mimba niko hapa Dar napambana na kazi za kutengeneza mabango na matangazo. Mama alitutoka 2019. Mzee kabaki Morogoro, Kihonda, kwenye nyumba ileile tuliyokulia, na binti mmoja anayemsaidia kazi za ndani. Ana miaka 71.

Cha kwanza mjue huyu mzee alikuwa mhasibu maisha yake yote. Namba ndiyo dini yake ya pili. Mpaka leo anaweza kukwambia nauli ya kwenda Dar ilikuwa shilingi ngapi mwaka aliooa. Zamani hizo namba za simu za ndugu wote zilikuwa kichwani, hakuwa na kijitabu. Sisi watoto tulikuwa tunamjaribu kwenye mahesabu huku tumeshika kikokotoo, na anatushinda.

Dada ndiye aliyemwekea intaneti ya faiba nyumbani, analipia kila mwezi, kwa sababu moja tu: Jumapili saa 11 jioni. Hiyo saa Mzee anaoga, anavaa shati la kanisani, anakaa sebuleni na simu ya video na mjukuu wake. Mtoto anamwita Babu Moro. Kiswahili chake cha kuungaunga, lakini wanaelewana kuliko sisi tunavyoelewana naye.

Sasa Machi mwaka huu simu ya Mzee ikadumbukia kwenye ndoo ya maji. Ikafa. Akawa anatumia kiswaswadu. Halafu ikaja Pasaka. Kaka akaja nyumbani na wazo la kuuza kiwanja kimoja cha nje ya mji, Mzee akakataa, maneno yakawa mengi, kaka akaondoka bila kuaga vizuri. Baadaye roho ikamsuta, akanunua simu janja mpya nzuri kabisa, akaituma kwa basi. Ile ilikuwa namna yake ya kuomba yaishe. Wanaume wa kwetu hawajui kusema samahani, wanatuma mzigo.

Simu ikafika. Mzee akapiga kwa kiswaswadu, akasema asante, nimeipata. Kimya.

Wiki ya kwanza, kimya. Jumapili hiyo dada anapiga video, haiendi. Meseji za WhatsApp tiki moja. Jumapili ya pili, hivyohivyo. Ukimpigia kawaida anapokea, anakwambia "mtandao huku mbovu", anaulizia hali ya hewa, anakata. Mwezi ukaisha. Kwenye grupu la familia kaka akaandika: "Nimetuma simu hata kuitumia hataki. Mzee ametununia." Dada akatuma sauti analia, kwamba mtoto anauliza amemkosea nini Babu Moro. Kaka akamjibu vibaya. Dada akajitoa kwenye grupu. Nikabaki mimi na kaka tunaangaliana kwenye grupu la watu wawili, kama wachezaji wa akiba.

Na mimi nikawa nimeamini kweli kanuna. Mzee akinuna ananuna, hiyo inajulikana. Ijumaa moja ya Juni nikapanda treni ya SGR jioni, nikiwa nimeshapanga hotuba yangu ya upatanishi kichwani.

Nimefika, shikamoo, marahaba, chakula kimewekwa. Nikaona simu mpya iko juu ya kabati la vyombo, ndani ya boksi lake. Nikasema hapa ndipo pa kuanzia.

"Baba, simu hutumii?"

"Natumia. Bando linaisha haraka."

"Bando la nini na Wi-Fi iko hapo ukutani inawaka?"

Akanyanyua macho. "Ndiyo maana sinunui. Siwezi kulipia maji ya bomba halafu ninunue ya ndoo."

"Sasa kwa nini usiunganishe?"

Hapo akanyamaza, akawa anachambua mifupa ya samaki kana kwamba ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nikaichukua simu, nikaiwasha, nikaiona Wi-Fi ya nyumbani, jina lake "Kwa Mzee". Nikaweka pasiwedi tunayoijua wote, jina la mlima na mwaka aliofunga ndoa. Ikagoma. Nikarudia kwa herufi ndogo. Ikagoma.

"Baba, ulibadilisha pasiwedi?"

"Nibadilishe ya nini? Ni hiyohiyo."

Yule binti wa kazi alikuwa anatoa vyombo. Akasema kwa sauti ya chini, "Babu, si mlibadilisha na yule fundi? Mwezi wa kumi na moja. Mkacheka sana." Mzee akamwangalia. "Fundi gani?" Binti akainama, akabeba sahani zake.

Wadau, siwezi kuwaelezea ule ukimya.

Baadaye jikoni binti akanipa mkasa wote. Vijana wa kijiwe cha bodaboda cha pale kona walikuwa wameipata pasiwedi, wakawa wanakuja kuegesha ukutani kwetu mchana kutwa wanaangalia mpira na video. Intaneti ikawa inakwama Mzee akiwa na mjukuu wake. Fundi alipokuja kurekebisha waya, Mzee akamwambia abadilishe pasiwedi, mwenyewe akamtamkia ya kuweka, wakacheka hadi fundi akakaa chini. Fundi akaiingiza kwenye simu ya zamani na kwenye laptopu, akaenda zake. Basi. Simu ikafia kwenye ndoo, na pasiwedi ikafa nayo, maana kichwani kwa Mzee haikuwepo.

Na hakuweza kuomba msaada mtaani. Angemuuliza nani? Vijana wa kijiwe ndio aliowafukuza! Kila aliyeleta simu mkononi alikuwa mshukiwa. Kaka hawezi kumwambia, wametoka kugombana. Dada hawezi kumwambia, ndiye analipia. Kwa hiyo mzee wa watu alikaa miezi miwili na simu ya laki kadhaa kwenye boksi, anajaribu pasiwedi ya zamani usiku watu wakilala, inagoma, anairudisha juu ya kabati.

Asubuhi nikaanza kutafuta njia. Nikageuza ruta chini, kuna kile kikaratasi chenye pasiwedi ya kiwandani. Nikaijaribu nikijua haitafanya kazi, na kweli. Kuna kile kitundu kidogo unachochoma na sindano ya kushonea kurudisha kila kitu mwanzo. Jamani, kama mna faiba msikimbilie hicho kitundu. Mara nyingi kinafuta na taarifa alizoziweka mtu wa kampuni, unabaki huna pasiwedi na intaneti pia huna, unaanza kumsubiri fundi.

Nikakumbuka binti alisema laptopu. Iko wapi? Ipo mezani kwake, chini ya magazeti. Ni laptopu yangu ya chuo nilimwachia nilipopata nyingine. Kamera ilishakufa zamani, betri haishiki moto, lazima ikae kwenye umeme. Mzee anachezea karata humo. Nikaifungua, naangalia pale chini kulia: Wi-Fi imejaa!

"Baba, mbona hii ina intaneti?"

"Hiyo ni ya karata."

Yaani intaneti aliyokuwa anaitafuta usiku ilikuwa inamwangalia kila siku anapopanga karata.

Hapa sasa ndipo faida ya kuwa na rafiki wa IT ofisini, hata kama chakula chote unamnunulia wewe. Nikampigia, akaniambia kompyuta ikishawahi kuunganishwa na Wi-Fi huwa inaitunza pasiwedi yake, na ukiiomba vizuri inakuonyesha. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter, litafunguka dirisha jeusi lile la kwenye filamu za wezi wa benki. Andika:

netsh wlan show profiles

Ikamwaga orodha. Na hapa nikapotea kidogo, mnisamehe. Ile orodha ni ya kila Wi-Fi ambayo laptopu ile iliwahi kushika. Hosteli ya chuo. Mgahawa wa Mwenge nilipoandikia utafiti wa mwisho kwa sababu walikuwa hawafukuzi mtu mwenye chai moja. Simu ya mtu fulani niliyekuwa naye mwaka wa tatu, jina lake bado liko pale na kakopa. Nyumba ya shangazi tuliyokaa wiki ya msiba wa mama. Miaka yangu minne imepangwa kwenye dirisha jeusi bila hata picha moja. Mzee kasimama nyuma yangu ananiuliza hao wote ni akina nani. Nikamwambia ni mitandao tu.

Chini kabisa: Kwa Mzee. Unaandika hivi:

netsh wlan show profile name="Kwa Mzee" key=clear

Mara ya kwanza nilisahau hizo alama za kufungia jina, ikanigomea, kwa sababu jina lina nafasi katikati. Mara ya pili nikasahau hilo neno la mwisho, key=clear. Ikaniambia tu kwamba ufunguo upo. Asante, najua upo! Mara ya tatu nikaandika yote. Shuka mpaka sehemu ya usalama, tafuta mstari wa Key Content. Pasiwedi iko mbele yake, wazi kabisa:

nendenimkalime24

Nilicheka, aisee. Nilicheka hadi nikapaliwa. Nendeni mkalime! Huyo ndiye baba yangu mtupu. Huyo ni mtu ambaye akikuta kijana amekaa saa nne asubuhi anamuuliza shamba lake liko wapi. Nikawaza wale bodaboda wanajaribu pasiwedi ukutani mchana kutwa, kumbe jibu ni tusi lao wenyewe.

Mzee naye akacheka. Halafu akainama, akavaa miwani, akaisoma tena taratibu. Akaniuliza, "Nani kaandika hivi?"

Nikadhani anatania. Nikageuka. Hakuwa anatania.

Nikamwambia, "Wewe, Baba. Na fundi." Akatikisa kichwa, akacheka tena, lakini safari hii alikuwa anacheka kwa sababu mimi nilicheka.

Niseme haraka ya kiufundi iishe, maana najua kuna mtu kaja hapa kwa hilo tu. Kama una Windows 11 ya karibuni huhitaji hata dirisha jeusi: ingia kwenye mipangilio, Wi-Fi, orodha ya mitandao inayojulikana, kuna sehemu ya kuangalia ufunguo. Simu nyingi za Android za sasa zinakutolea picha ya QR, mwenzako anaskani tu. iPhone nazo siku hizi zinaonyesha pasiwedi ukibonyeza mtandao uliounganishwa. Angalia herufi kubwa na ndogo, na usichanganye l na 1 kama nilivyofanya mimi. Na nyie mnaotaka ya jirani, hii haiwasaidii. Kompyuta inakumbuka ilichowahi kuambiwa, haibuni. Nendeni mkalime.

Nikaunganisha simu. Meseji zilizokuwa zinasubiri zikaingia kwa mkupuo, simu inatetemeka mezani kama ina malaria. Mzee anaangalia tu. Za kaka, za dada, picha za mjukuu ametoka jino. Akazisoma moja moja na ile kidole yake moja. Alipofika kwenye ile ya "ametununia" akaiweka simu chini.

Usiku umeme ulikatika, tukakaa barazani. Nilijua ataongea, huwa anaongea gizani.

"Yule fundi," akasema. "Simkumbuki hata sura. Ya zamani nakumbuka yote. Ya juzi ndiyo yanateleza."

Nikamwambia mbona hata mimi nasahau pasiwedi kila wiki, kuna moja nimeibadilisha mara tatu mwezi huu. Ni kweli kabisa. Lakini nilijisikia navyoongea, kama mtu anayemwambia mgonjwa mbona umenenepa.

"Babu yako," akasema, "alianza hivihivi. Mwisho alikuwa akitoka uani hajui njia ya kurudi. Nilikuwa namwogesha ananiuliza, kijana wewe ni wa nani."

Sikuwa nalijua hilo. Babu alikufa nikiwa mdogo, tuliambiwa ni uzee.

"Usiwaambie wenzako. Waambie ruta iliharibika."

Nikaahidi. Kesho yake Jumapili, saa 11 jioni, shati la kanisani likavaliwa. Dada alipoona jina la Mzee linapiga alipokea kabla haijaita mara ya pili. Mtoto akaonyesha pengo. Mzee akasema ruta ilikuwa imeharibika, kijana amekuja kaitengeneza. Dada akaniangalia kwenye kioo, mimi nikaangalia pembeni.

Ahadi yangu ilidumu siku nne. Dada alinipigia Alhamisi, saa ya huko usiku mnene, akaniuliza swali moja tu: "Ruta ilikuwa na shida gani?" Nikashindwa kutunga. Nikamwambia yote. Sijui kama nilikosea. Kuna siku naona nimemsaliti, kuna siku naona ningenyamaza ndiyo ningemsaliti zaidi. Kaka alipoambiwa hakusema kitu, alituma hela ya hospitali, na chini yake meseji: "Nilimwandikia ujinga." Dada akarudi kwenye grupu.

Kumshawishi Mzee kwenda kuonana na daktari ilikuwa kazi ya wiki nzima, sitaisimulia. Nilirudi Moro tukaenda. Daktari kijana, mpole, akamwambia nitakupa maneno matatu uyaweke, nitakuuliza baadaye. Kisha akamwambia ahesabu kutoka mia akipunguza saba. Hapo daktari aliingia choo cha kike. "93, 86, 79, 72, 65, 58, 51..." Mzee anashuka kama lifti. Daktari akamwambia inatosha. Mzee akamuuliza, "Hutaki nifike mwisho?"

Halafu akaulizwa yale maneno matatu. Akasema ndizi. Akasema daraja. Akakaa. Akaangalia dirishani. Akaniangalia mimi, na mimi nilitamani sana kumsaidia, lakini daktari alinyoosha mkono. La tatu halikuja.

Daktari hakutoa hukumu. Alisema kusahau kuna sababu nyingi, presha, sukari, dawa, usingizi, hata upweke, akaandika vipimo vya damu, na akasema arudi baada ya miezi sita tulinganishe. Alimuuliza kama huwa anaongea na watu. Mzee akamjibu, "Sasa hivi ndiyo. Nilikuwa nimekatika."

Tulipofika nyumbani alichukua kaunta buku lake la mahesabu, akaandika pasiwedi kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia, akapiga mstari chini yake kwa rula. Binti wa kazi naye akaambiwa aikariri. Vijana wa kijiwe nasikia bado wanahangaika.

Jioni nikapanda treni kurudi. Tumefika maeneo ya Ngerengere simu ikaita, video, Mzee. Nikapokea kwa woga. Naona dari. Mzee akipiga video huwa unaona dari, na kipande cha paji la uso.

"Umefika wapi?"

"Ngerengere, Baba. Kuna nini?"

"Ngoma."

"Ngoma gani?"

"Neno la tatu la yule daktari. Lilikuwa ngoma. Si ndiyo?"

Watu wa siti ya jirani wananiangalia. Nilijaribu kukumbuka, ndizi, daraja, ndizi, daraja, na wadau, nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yake nimeyasikia yote matatu kwa masikio yangu, na la tatu sikuwa nalo.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Ngoma."